Kustahimili si kukinza

Kwenye vipeperushi na matangazo ya mbegu kuna neno moja lililobebeshwa mzigo usio wake: stahimilivu. Mbegu stahimilivu kwa ukame, stahimilivu kwa magonjwa, stahimilivu kwa kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Kwa ukame sina ugomvi nalo. Ukame hauzai, mvua ikirudi umekwisha, na zao lililovumilia halijamwachia mtu deni. Kiduha kinazaa, tena kwa idadi inayotisha. Mmea unaokistahimili ni mwenyeji mkarimu: unakilisha, unakikuza, na mwishoni bado unakupa kitu cha kuvuna. Mmea unaokikinza unakinyima chakula mpaka kife. Siku ya mavuno, kwenye mizani, hao wawili wanaweza kulingana kabisa. Nenda ukachimbe udongo walikosimama ndipo utakapoona kuwa mmoja amekuachia shamba na mwingine amekuachia makaburi yasiyolala.

Nazungumzia jamii ya kunde: kunde zenyewe, karanga, njugu mawe, njegere, dengu, adesi, na yale maharage mapana ambayo Waarabu huyaita ful. Habari za magugu nyonyaji kwa kawaida huanzia na kuishia kwenye mahindi na mtama, na mikunde hutajwa kama dawa tu, kwa mfano desmodiamu inayopandwa katikati ya mistari ya mahindi ili kukidhoofisha kiduha cha nafaka. Desmodiamu inafanya kazi hiyo vizuri. Lakini mikunde nayo ina wanyonyaji wake. Afrika Magharibi kunde husumbuliwa na Striga gesnerioides, ndugu wa kiduha cha nafaka. Mashariki na kusini mwa bara hili yuko zaidi Alectra vogelii, mwenye maua ya manjano, ambaye hachagui sana mezani: kunde, karanga, njugu mawe, vyote ni vyake. Kuzunguka Bahari ya Mediterania, maharage mapana, njegere na adesi huangamizwa na Orobanche crenata, gugu lisilo na rangi ya kijani hata kidogo. Wamisri huliita haluki, jina lenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia sisi kuhiliki. Aliyelipa jina hilo alikuwa ameliona shamba lake likienda.

Ukitaka kuelewa kwa nini nang'ang'ania tofauti ya maneno mawili, itazame mbegu ya magugu haya. Haifiki nusu milimita. Gramu moja inabeba zaidi ya mbegu 100,000. Kwa udogo huo haina akiba ya chakula ya kutosha, na ikishaota kijimzizi chake kinaweza kusogea milimita chache tu. Kisipogusa mzizi wa mwenyeji ndani ya siku chache, kimekufa. Kwa hiyo mbegu haioti ovyo. Inalowa, inapata joto, inajiandaa, kisha inangoja, na inaweza kungoja zaidi ya miaka 10. Inachongoja ni ishara ya kemikali kutoka kwenye mzizi ulio hai.

Kemikali hizo ni za kundi liitwalo strigolaktoni. Ya kwanza, strigoli, ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi hata kulinyonya. Kwa karibu miaka 40 swali likabaki wazi: mmea unafaidika nini kumwaga ardhini kitu kinachomwamsha adui yake? Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake huko Japani walionyesha kuwa ishara ile ni mwaliko kwa rafiki. Kuvu wa mikoriza, wanaoishi na mizizi na kuiletea fosforasi, hutanua matawi yao wanapoipata. Mwaka 2008 ikajulikana zaidi kwamba strigolaktoni ni homoni ndani ya mmea wenyewe, inayoamua machipukizi mangapi yatoke. Kiduha na haluki walidaka tu barua isiyo yao. Hii ndiyo sababu mapambano haya ni magumu: huwezi kuufunga mdomo mmea bila kuugusa urafiki wake na kuvu, na hata umbo lake.

Sasa hesabu. Chukua shamba ambalo limebakiwa na mmea mmoja tu wa kimelea katika kila mita 10 za mraba. Mkulima akilitazama atasema ni safi. Mmea mmoja wa haluki, ukipewa mwenyeji mzuri, unaweza kuangusha mbegu zaidi ya 100,000. Gawanya kwa mita 10 za mraba, unapata mbegu 10,000 kwa kila mita ya mraba, kwa msimu mmoja, katika shamba lililoonekana safi. Mbegu hizo zitakaa humo muda mrefu kuliko mkopo wowote wa pembejeo. Ndiyo maana mbegu ya zao inayoruhusu vimelea vichache kukomaa, hata kama inatoa mavuno mazuri, naiona ni mbegu inayokopa kwa jina la mtu mwingine. Jembe la jirani litaubeba udongo huo, kwato za ng'ombe zitaubeba, na maji ya mvua pia.

Ustahimilivu una utetezi wake, na si wa kupuuzwa. Unasemwa hivi: zao lisilompiga kimelea halimlazimishi abadilike, kwa hiyo uwezo wake hudumu, wakati ukinzani mkali huzaa kimelea mkali zaidi. Tena, kaya inayokula kunde haisubiri hesabu ya miaka 10. Inataka chakula msimu huu. Hoja ya pili naikubali bila masharti. Ya kwanza inanishawishi nikifikiria ugonjwa wa majani unaokufa na majani yake. Hainishawishi kwa adui anayeweka akiba ardhini, kwa sababu kadiri akiba inavyokua ndivyo mbegu stahimilivu yenyewe inavyozidiwa. Uvumilivu wa mmea una kikomo, na udongo uliojaa mbegu za haluki hukifikia kikomo hicho. Mashamba ya maharage mapana yaliyoachwa kabisa kwa sababu ya haluki si hadithi za kutishia watoto.

Kwa hiyo turudi kwenye ukinzani wenyewe, na hapa kunde zina historia ninayoipenda sana. Miaka ya 1980 majaribio ya Burkina Faso yalionyesha kuwa kunde ya asili ya huko, iliyosajiliwa kwa jina la Suvita-2, haishikwi na kiduha cha kunde. Ikapelekwa Niger na Nigeria, ikashikwa. Mbegu ilikuwa ileile. Kiduha ndicho kilichokuwa kingine. Kumbe Striga gesnerioides ina mbari, na kila mbari ina uwezo wake wa kuvunja milango. Leo watafiti wanazitambua mbari saba hivi, kuanzia ile ya Burkina Faso mpaka ya Senegal.

Kisha kuna B301, kunde ya wakulima wa Botswana. Ilikuwa ikijulikana kwa kumkinza Alectra, na ilipopelekwa Afrika Magharibi ikasimama mbele ya karibu kila mbari ya kiduha cha kunde. Hilo bado linanishangaza. Kunde iliyolelewa na wakulima wa kusini, mbali na mbari zile, ilikuwa na ufunguo wa mlango wa watu wengine. Ukinzani wake ulionekana kurithiwa kirahisi, kama jeni moja yenye nguvu, na hiyo ni zawadi kwa mtafiti wa mbegu: unavusha na kunde inayopendwa, unachagua watoto wasioshikwa, unarudia. B. B. Singh na wenzake katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kutoka hapo zikatoka kunde kama IT97K-499-35, iliyoidhinishwa Nigeria mwaka 2008. Kunde hiyohiyo ndiyo ambayo genomu yake, yaani maandishi yake yote ya urithi, ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2019 kama kielelezo cha kunde zote. Malawi nako iliidhinishwa kunde inayomkinza Alectra, ikapewa jina Mkanakaufiti. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno mkana. Kaufiti ni jina la kule la magugu haya, lenye uchawi ndani yake. Anayekikana kiduha. Jina hilo halisemi anayekivumilia, na nashukuru aliyelichagua.

Tazama jinsi B301 inavyofanya kazi, maana humu ndimo ilimo hoja yangu. Mizizi yake haijifichi. Inamwaga ishara kama kunde nyingine, mbegu za kiduha zinaota, zinausogelea mzizi, zinaugusa, hata zinaanza kuupenya. Hapo ndipo mlango unapofungwa: seli za mzizi zilizoguswa hufa haraka na kumwacha mgeni bila mshipa wa kunywea, au mgeni hubaki kijivimbe kidogo kisichotoa shina. Mwaka 2009 Jianxiong Li na Michael Timko walieleza jeni inayofanya ulinzi huo dhidi ya mbari ya Nigeria na Niger. Protini yake ni ya aina ileile inayotumiwa na mimea kutambua fangasi na bakteria. Jeni hiyo ilipozimwa kwenye maabara, B301 ikashikwa kama kunde yoyote.

Kwa hiyo kila msimu B301 na watoto wake wanaposimama shambani, wanaita mbegu za kiduha kutoka usingizini na kuziua. Wanakula akiba ya adui. Kunde hizi ni chakula na ni mtego kwa wakati mmoja, na sijui mbegu nyingine ya mikunde inayostahili heshima zaidi.

Ila mtego wa jeni moja una siku zake. Huko Zakpota, nchini Benin, ilipatikana mbari inayoishinda B301. Kundi la Timko likaeleza mwaka 2020 kuwa mbari hiyo hutoa protini inayoingia kwenye mzizi wa kunde na kuifanya mojawapo ya protini za ulinzi ivunjwe, hivyo kengele hailii. Hakuna cha kushangaa humo. Kiduha kina mabilioni ya mbegu za kujaribu bahati, na mlango wenye kufuli moja utapata mwizi wake. Jamii ya alizeti, ambayo si ya mikunde, imekwisha kulionja hili: dhidi ya haluki wa alizeti kila jeni mpya ilifuatwa na mbari mpya, mpaka herufi za kuziita mbari hizo zikafika H.

Njia ya pili ni kujificha. Kwenye maharage mapana, wenzetu wa Córdoba, Hispania, kina Diego Rubiales na Mónica Fernández-Aparicio, walipata aina ambazo mizizi yake humwaga strigolaktoni kidogo mno kiasi kwamba haluki haamki. Italia nako kuna njegere ya namna hiyo iliyochaguliwa kutoka kwenye mbegu za asili za wakulima, na imepewa jina ROR12. Uzuri wa njia hii ni kwamba haimtegemei mlinzi mmoja wa kutambua mbari moja. Mmea umenyamaza, na mbari zote zinalala. Wengi wanaiona kama njia itakayodumu zaidi, nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa.

Lakini mtu aliyelala hajafa. Zao linalojificha linalindwa lenyewe, na akiba ya mbegu ardhini inabaki karibu kama ilivyokuwa. Mkulima anayelipanda miaka mitano, kisha akabadilisha na adesi ya kawaida, atakutana na haluki wote aliowakwepa. Ndiyo maana nasema ukinzani wenyewe una sura mbili zenye matokeo yanayopingana ardhini: mmoja unapunguza deni, mwingine unalisimamisha. Taarifa nyingi za mbegu mpya huzitaja zote mbili kwa neno moja, na mara nyingine huziunganisha na ustahimilivu, ambao unaliongeza. Sura tatu za deni, jina moja. Mtu hawezi kupanga mzunguko wa mazao kwa taarifa ya namna hiyo.

Ningependa kuona zote mbili ndani ya mbegu moja: mzizi unaomwaga kidogo, ili wachache waamke, na ulinzi wa jeni mbili au tatu tofauti unaowaua hao wachache. Wanaokutana na mlinzi wakiwa wachache, bahati ya kutokea mvunja mlango nayo inapungua. Kwa kunde kazi hii inawezekana sasa. Jeni kadhaa zinajulikana, na alama za DNA zinamwezesha mtafiti kuchagua mche kwa kukata kipande cha jani, bila kungoja miezi kuona kama kiduha kitatokeza. Kwa maharage mapana safari ni ndefu zaidi. Genomu yake ina herufi bilioni 13 hivi, zaidi ya mara nne ya ya binadamu, na ilichapishwa kikamilifu mwaka 2023 tu. Ukinzani wake pia si wa jeni moja. Ni michango midogo ya jeni nyingi, inayobadilika na hali ya hewa na udongo. Misri ilianza nao miaka ya 1970 kutoka kwenye uzao mmoja ulioitwa F402, ambao damu yake imo katika aina nyingi zinazomkinza haluki hadi leo. Nusu karne, na bado watu wanachota kwenye kisima kilekile.

Kuna jambo la udongo ambalo linanikera kwa sababu ni rahisi kulirekebisha. Mmea uliopungukiwa fosforasi humwaga strigolaktoni nyingi zaidi, maana ndipo unapowahitaji kuvu. Kwa klova nyekundu, ambayo ni ya jamii ya kunde, watafiti wa Japani walipima na kukuta fosforasi ikipungua ishara inapanda sana, na naitrojeni ikipungua haibadiliki. Inaeleweka: naitrojeni klova anaipata kwa bakteria wake. Sasa fikiria mbegu inayopimwa kwenye kituo cha utafiti chenye udongo uliorutubishwa miaka nenda miaka rudi. Imeshiba, imenyamaza, haluki hawamwoni, na inaandikwa kuwa inakinza. Ipeleke kwenye udongo uliochoka na itapiga kelele kama wenzake. Majaribio ya ukinzani yasiyofanyika pia kwenye udongo wenye fosforasi kidogo yanapima mbolea ya kituo, na anayeyalipia makosa hayo ni mkulima asiye na mbolea. Vilevile mtafiti anayebana strigolaktoni anapaswa kuonyesha kuwa mbegu yake bado inapokea kuvu na bado inatengeneza vinundu vya naitrojeni, vile vivimbe vya mizizi wanamokaa bakteria wake, kwa kuwa kwenye njegere strigolaktoni zimeonekana kusaidia vinundu hivyo. Kunde isiyo na vinundu imepoteza nusu ya sababu ya kupandwa.

Dawa za kuua magugu, na mbegu zinazovumilia dawa hizo kama ilivyofanyika kwa baadhi ya adesi, nazipa nafasi ndogo tu humu. Zinasaidia panapokuwa na dawa, vipimo na maji. Kung'oa kwa mkono kuna thamani kuliko wengi wanavyodhani, si kwa mavuno ya msimu huo, maana kimelea kinapotokeza juu kimekwisha kunyonya wiki kadhaa chini ya ardhi, bali kwa ajili ya akiba. Shina lililong'olewa kabla halijafunga mbegu ni mbegu 100,000 zisizoanguka.

Ninachodai kwa wanaoidhinisha mbegu mpya za mikunde ni safu mbili za ziada kwenye jedwali lao. Ya kwanza: kwa kila kipande cha majaribio, vimelea vingapi vilikomaa na kufunga mbegu siku ya mavuno. Ya pili: sampuli ya udongo kabla ya kupanda na baada ya misimu mitatu, ichekechwe, mbegu za kimelea zihesabiwe chini ya darubini. Mbinu hizo zipo, zinajulikana, hazihitaji mashine ya ajabu; zinahitaji subira ya misimu mitatu na mtu wa kuhesabu. Mbegu iliyojaza udongo isipewe jina moja na mbegu iliyousafisha, hata kama zimelingana kwa kilo.

Na mkulima anayeweka mbegu yake mwenyewe anahitaji kuambiwa jambo moja zaidi, kwa kuwa mazao haya hayafanani. Kunde hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa. Ukinzani wake hauyeyuki kwa upepo wala kwa nyuki, unapotea kwenye gunia, mbegu ngeni zinapochanganyika na zilizochaguliwa, kwa hiyo kazi yote ni kutenga na kuchambua. Maharage mapana ni kinyume. Nyuki hubeba chavua kutoka shamba la jirani, na baada ya misimu michache ukinzani umezimuliwa hata kama gunia halikuguswa na mtu. Kwa zao hilo mbegu ya mwakani ichukuliwe katikati ya shamba, mbali na mpaka, kwenye kipande ambacho haluki hakutokeza, na kila shina la maharage lililoonekana na haluki mguuni ling'olewe pamoja naye kabla maua ya haluki hayajafunguka.